Kilti ya kuingilia topeni

Swali: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni kijana wa Kitanzania, nafanya kazi ghalani hapa Stirling, Uskoti. Wenzangu wa zamu wameniandikisha kwenye mbio za tope mwezi wa tano: kilomita 10, vizuizi ishirini na ushee, kuta za kuparamia, kutambaa chini ya seng'enge, madimbwi ya maji baridi. Wamekubaliana timu nzima tuvae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Ninayo moja ya sufu, yadi nane, niliyoshonewa kwa harusi yangu. Nivae hiyo hiyo, au ninunue zile za bei poa mtandaoni? Na samahani kwa kuuliza, ndani huvaliwa nini? Sitaki kuchekwa, ila kuadhirika sitaki zaidi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ile ya harusi iache kabatini ndani ya mfuko wake. Bei yake mnaijua wewe na mkeo, siigusi. Nakukataza kwa sababu kilti ile imeshonwa ili ibebe nguo nyingi mahali padogo, na topeni jambo la mwisho unalolitaka ni nguo nyingi.

Ifungue uitandike kitandani uitazame. Mbele ni bapa, vipande viwili vipana vinavyolaliana. Nyuma ndiko kwenye kazi: marinda, aghalabu kati ya ishirini na tano na thelathini, kila moja limekunjwa likamlalia mwenzake. Fundi ameyashona kuanzia kiunoni mpaka usawa wa nyonga, halafu kuanzia hapo kwenda chini ameyaachia yacheze. Uzuri wote wa kilti mtu akitembea unatoka kwenye hiyo sehemu iliyoachiwa. Sasa izamishe kwenye dimbwi. Kila mkunjo umegeuka mfuko. Maji yanaingia, udongo unafuata, na ukitoka maji yanachuruzika lakini udongo unabaki umekaa kama mpangaji asiyelipa.

Tupige hesabu kidogo. Waskoti hupima kitambaa cha kilti kwa aunsi kwa kila yadi, na kitambaa kizito cha kilti nzuri ni cha aunsi 16. Yadi nane zako kwa kawaida zimetokana na yadi nne za kitambaa cha upana maradufu, kilichopasuliwa katikati kwa urefu. Nne mara kumi na sita ni aunsi 64, kama kilo 1.8, hapo hatujaweka bitana wala mikanda ya ngozi. Hiyo ni kavu. Sufu inaweza kunywa unyevu wa hewani kufikia karibu theluthi ya uzito wake nawe ukiishika usione kama imelowa, na ukiitumbukiza majini ndiyo kwanza inaanza. Ikitoka dimbwini uzito umezidi maradufu, na tope sijalitia kwenye mizani. Ni sawa na kujifunga kidumu cha maji kiunoni ukaambiwa kimbia, na ukuta wa mbao huo hapo, panda.

Sufu siidharau, nimeishi kwa sufu. Ikilowa bado inatunza joto kuliko pamba, na ndiyo iliyowafaa wachungaji wa milima ya huku kwa mamia ya miaka. Lakini hao wenyewe walijua saa ya kuivua. Mwaka 1689, kwenye vita vya Killiecrankie hapa Uskoti, wapiganaji wa milimani walitupa chini zile nguo kubwa za kujitanda, zile zilizotangulia kilti hii ndogo tunayoijua, ndipo wakateremka mbio kumshambulia adui. Mwenye nguo yake alipotaka kukimbia aliiacha juu ya kilima.

Waliolazimika kubaki nayo topeni ni wajukuu wao, kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza kule Ufaransa na Ubelgiji. Vikosi vya Uskoti viliingia vitani na kilti za sufu, na juu yake wakavaa aproni ya kaki ili rangi zisiwaonyeshe kwa adui. Tope liliganda kwenye marinda, chawa wakafanya makazi humo humo kwenye mikunjo, na wakati wa baridi upindo uliolowa uligeuka barafu ukawa unawakatakata nyuma ya magoti. Kufika mwaka 1940 jeshi lilikuwa limeshaondoa kilti kwenye mavazi ya mstari wa mbele. Huo upindo wa nyuma ya magoti uweke akilini, nitaurudia.

Na ukipata nafasi ya kwenda kwenye michezo ya jadi ya milimani wakati wa kiangazi, angalia jambo moja. Wanaorusha magogo na mawe wamevaa kilti, hiyo ni kanuni. Wanaokimbia kupanda mlima wamevaa bukta. Kwa hiyo wewe unayetaka kukimbia na kilti unafanya jambo ambalo wenyeji wenyewe hawalifanyi, na ndiyo raha yake, ila uifanye kwa akili.

Tuje kwenye kununua. Mimi huangalia mambo mawili kabla ya yote: nguo inaachia maji upesi kiasi gani, na inashika kiuno namna gani. Mengine ni mapambo.

Zile za bei poa ulizoziona mtandaoni nyingi ni za akriliki, na nyingi hushonwa Sialkot, Pakistan. Usicheke ukisikia hivyo. Sialkot ndio mji unaoshona mipira ya miguu inayouzwa dunia nzima. Mafundi wake sindano wanaijua. Wanachobaniwa ni uzi na muda. Akriliki yenyewe ni nyepesi na hainywi maji sana, kwa mbio za siku moja inatosha. Udhaifu wake ni kwamba marinda mara nyingi yamepigwa pasi tu badala ya kushonwa barabara, na nyuzi zake hunasa upesi kwenye miba ya seng'enge zikavutika mistari mirefu. Ukinunua hiyo, ujue unanunua nusu. Nusu nyingine utaimalizia na sindano, nitakuonyesha.

Ninayokushauri hasa ni ya mchanganyiko wa poliesta na viskosi, ile wanayoiuza kama kilti ya michezo au ya kila siku, ya yadi nne au tano. Poliesta maji haiyataki kabisa. Viskosi inayapenda, na ikilowa inapoteza nguvu nyingi, ndiyo maana unataka kitambaa ambacho poliesta ndiyo yenye sehemu kubwa, soma lebo. Uzito wake huwa kama aunsi 11. Yadi tano za kilti ni yadi mbili na nusu za kitambaa kipana, mara kumi na moja, inakuja kama gramu 780. Haifiki hata nusu ya ile ya harusi, na ikitoka majini ukaikamua mara mbili kwa mikono inakuwa nguo tena. Kwa macho ya mita tatu, hakuna atakayejua kama si sufu.

Kuna kilti za kazi, za pamba nzito kama kanvasi au drili, zenye mifuko mikubwa pembeni. Mtindo huo ulipata jina kutoka Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2000, na vijana wengi huuona ndio wenyewe kwa mbio za tope kwa kuwa unaonekana wa kibabe. Pamba ina sifa moja ambayo watu hawaijui: ikilowa inazidi kuwa imara. Seng'enge haitaichana. Lakini inakunywa maji na kukaa nayo, inakuwa ngumu kama gunia, na kingo zake zinakusugua mapaja kama msasa. Ningekuwa nakimbia mahali pa joto kali ningeifikiria. Uskoti mwezi wa tano, upepo ukikupata umetoka majini na kanvasi mbichi miguuni, utanikumbuka. Na ikiwa tayari umeshainunua, basi mifuko ile ishone midomo yake, au utoboe chini na kutia matundu ya chuma, maana ukitoka dimbwini utakuwa umebeba kilo za udongo kila upande.

Kilti za nailoni za wapanda milima ndizo zinazokauka upesi kuliko zote. Sizipendi, zinaonekana sketi ya netiboli. Hilo ni jicho langu tu.

Nikuchekeshe kidogo. Niliwahi kumshonea kijana wa Arusha kilti ya kukimbilia kwa shuka ya Kimasai, ile ya akriliki ya mirabaraba nyekundu na buluu. Ilitoka nyepesi, ikakauka vizuri, na mzee mmoja wa Kiskoti pale kwenye mstari wa kuanzia akaisogelea, akaitazama sana, akauliza ni tartani, yaani mirabaraba ya Kiskoti, ya ukoo gani. Kijana akamjibu, wa Monduli. Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayeijua familia hiyo. Ukipata shuka mbili zinazofanana, na una cherehani, hilo ni jambo la jioni mbili. Kanga na kitenge usijaribu: vyepesi, ndiyo, lakini vinagandama mwilini, na seng'enge ikivishika unabaki na utepe.

Sasa kiuno. Hapa ndipo watu wanapoadhirika, na mimi nimo.

Mara ya kwanza niliyoingia mbio hizi, na akina mama wenzangu wa mtaani, nilivaa kilti ya kununua iliyofungwa kwa velkro. Nilijiona mjanja: hakuna bizimu, hakuna mkanda, unabandika unaondoka. Dimbwi la kwanza likapita salama. La pili lilikuwa la udongo mzito, laini kama uji wa mtoto, na ukaingia kwenye vile vidoano vya velkro vyote. Velkro iliyojaa udongo haishiki kitu. Kuanzia hapo nilikimbia mkono mmoja kiunoni kama mtu aliyeshikwa na kichomi, na kwenye ukuta wa mbao nikachagua kati ya kushika kamba na kushika kilti. Nilishika kamba. Nashukuru nilikuwa na taiti.

Kwa hiyo velkro pekee, hapana. Vifungo vya chuma vya kubonyeza ni afadhali, lakini ukichutama kwa nguvu huachia kimoja kimoja, paa, paa. Mikanda midogo ya ngozi na bizimu, kama ya kilti yako ya harusi, inashika vizuri ikiwa kavu. Ikilowa ngozi inavimba na kulegea, ikikauka inakakamaa na kupasuka. Kitu kisichonitupa mpaka leo ni ukanda wa nailoni, kama ule wa begi la mgongoni, unaopita kwenye pete mbili za chuma na kurudi. Unauvuta unabana, na tope halina pa kushika. Weka vikanda viwili upande wa kulia na kimoja kushoto, na ndani kabisa, mahali kipande cha chini kinapoishia, shona kifungo kimoja kikubwa cha kawaida cha plastiki, kishonwe kwa mguu wa uzi. Juu ya yote piga mkanda mpana wa nailoni. Huo mkanda utakuwa na kazi nyingine baadaye.

Na uivae mahali pake. Vijana huvaa kilti kama jinzi, imening'inia kwenye nyonga. Kilti hukaa kitovuni, juu ya mfupa wa nyonga, ili mfupa uizuie isishuke. Ikikaa chini ya mfupa, maji yakiingia hakuna kinachoizuia zaidi ya matumaini. Ndiyo maana usiagize kwa namba ya suruali yako. Chukua futi ya fundi, jipime usawa wa kitovu, pumua kawaida, usivute tumbo ndani kwa ajili ya mtu. Namba utakayoipata karibu kila mara ni kubwa kuliko ya suruali, usishtuke.

Urefu: kilti ya heshima hufika katikati ya goti au juu kidogo. Ya kukimbilia topeni mimi naikata vidole vinne juu ya goti. Sababu utaiona siku utakapotambaa. Mtu akipiga magoti na nguo ndefu, goti linakanyaga upindo wake mwenyewe, akisogea mbele nguo inabaki nyuma, na kiuno ndicho kinacholipa. Nimeona kilti nzuri ikivuliwa na mwenyewe kwa magoti yake, hatua tatu tu chini ya seng'enge. Na kile kisa cha askari wa mahandakini kinarudi hapa: upindo uliolowa unaogonga nyuma ya goti mara elfu kadhaa unachuna ngozi hata usipoganda. Ukiupandisha juu unagonga paja, na paja utalivisha.

Ukikata, angalia chini pameishaje. Kilti ya jadi haina pindo la kukunja. Ukingo wa kitambaa wenyewe uliofumwa kiwandani ndio mwisho wa nguo. Za bei poa nyingi zimekunjwa na kushonwa, na mkunjo huo ni mfereji wa kuzungukia udongo. Fumua, ukate, halafu funga ukingo kwa mshono wa zigizaga bila kukunja, au kunja mara moja tu, kidogo sana.

Na marinda yashike. Chukua uzi wa poliesta, si wa pamba, ushone kila rinda kutoka kiunoni kushuka kama sentimita 20, ukirudisha sindano mara tatu mwishoni ili mshono usifumuke. Halafu pitisha mshono mmoja mwembamba kwenye ukingo wa ndani wa kila mkunjo, mpaka chini. Hiyo ndiyo itakayofanya marinda yarudi mahali pake yenyewe kila utokapo majini, badala ya kuning'inia kama matambara. Ni kazi ya kuchosha, tia redio karibu.

Ulitaka kujua la ndani. Umesikia utani wao kwamba Mskoti wa kweli havai kitu ndani. Waache na utani wao. Ukirukia maji ya kina, hewa inashikwa chini ya marinda na kilti inafunguka kama mwavuli, inakuja juu mpaka kifuani, na pembeni wamesimama watoto wa watu na wapiga picha. Ukiteleza kwenye mtelezo, vivyo hivyo. Mbali na aibu, kuna changarawe, kuna miba ya waya, kuna mbao zenye vibanzi. Vaa taiti inayofika karibu na goti, ya kitambaa cha michezo, rangi nyeusi, yenye kamba ya kukaza kiunoni. Chupi ya pamba chini yake usivae. Inalowa, inajikunja, inachubua pabaya. Paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja, nyuma ya magoti, na mahali mkanda unapokaa. Paka mengi kuliko unavyodhani yanatosha.

Sasa ile kazi ya pili ya mkanda. Wewe hukusema kwenu wapi, lakini kama umewahi kukaa pwani umewaona wavuvi na wakata mikoko wakiingia kwenye tope. Mtu na msuli wake, akifika pabaya hasemi mengi: anakamata upindo wa nyuma, anaupitisha katikati ya miguu, anauchomeka mbele kiunoni, keshapiga ubinda, anaingia. Mimi ni mtu wa Pangani, nimekua nikiona hivyo, na ilinichukua mbio mbili kukumbuka kwamba dawa ya Waskoti nimezaliwa nayo.

Kilti ya yadi nane haipigwi ubinda, ni nene mno, utakuwa na mto wa kulalia katikati ya miguu. Ya yadi nne ya kitambaa chepesi inakubali kabisa. Kabla ya seng'enge simama sekunde tano, piga ubinda, chomeka chini ya ule mkanda mpana wa nailoni, kisha ulale chini. Marinda hayanaswi na miba kwa kuwa hayapo juu ya makalio yako tena, na goti halina upindo wa kukanyaga. Kabla ya mtelezo, fanya hivyo hivyo. Kabla ya kurukia maji, hivyo hivyo. Ukishapita, chomoa uachie, maana kukimbia nayo imebanwa kutakuchuna. Mwaka jana niliwafundisha akina mama wote wa timu yetu, na kwenye seng'enge watu wa timu nyingine walisimama kututazama. Mmoja akaniomba nimfunge. Nilimfunga.

Mambo madogo niyapitie haraka. Mkoba wa mbele wa manyoya, sporani, uache nyumbani. Ni ngozi, na ukikimbia unakugonga pasipostahili kugongwa. Kile kisu kidogo cha kwenye soksi, usifikirie hata kidogo. Pini ya kilti pia hapana, ni sindano ya chuma na kuna watu watakuangukia. Na hata siku za kawaida pini huchomwa kipande cha juu peke yake, ukiunganisha viwili unakichana ukipiga hatua ndefu. Soksi ndefu za sufu zinakunywa maji, vaa fupi za michezo.

Tartani ya kuvaa, yoyote uipendayo. Wengi wa kwetu huogopa kwamba watakosea ukoo wa watu. Zamani kweli nguo hii ilikuwa na sheria zake, tena kali: baada ya uasi wa Waskoti wa milimani wa 1745 serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume wa milimani kuivaa, kuanzia sheria ya 1746 hadi ilipofutwa 1782. Leo kuna daftari rasmi la tartani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, lakini ni la kuandikisha mifumo, halimpangii mtu avae nini. Kwa desturi tartani iitwayo Balmoral huachiwa familia ya kifalme, na haiuzwi ovyo hata hivyo. Wewe unaishi Stirling, na kuna tartani ya wilaya iitwayo Stirling and Bannockburn. Ukiipata kwa kitambaa chepesi, wenzako wa zamu watafurahi. Epuka tu yenye nyeupe nyingi. Udongo wa mboji wa huku unaacha rangi ya chai.

Kuna jambo moja la afya linalohusu kilti moja kwa moja. Mtu aliyevaa kilti ana kitambaa kinaning'inia mbele yake, na uso ukijaa tope mkono unakwenda wenyewe kukamata upindo na kujifuta. Usifanye hivyo. Oktoba 2012 kwenye mbio za namna hii huko Nevada, Marekani, zilizopita kwenye ranchi ya ng'ombe, watu 22 waliugua kuhara kwa bakteria wa kampilobakta, na waliochunguza waliona aliyemeza tope ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Mashamba ya Uskoti nayo yana kondoo na ng'ombe. Chomeka kitambaa kidogo safi ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye taiti, kwa ajili ya uso.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, ijaribu nyumbani. Ivae yote kama utakavyoivaa, mikanda na taiti, uingie bafuni, ujimwagie maji mpaka ichuruzike. Halafu chutama mara kumi. Inua goti mpaka kifuani, huku na huku. Tambaa ukumbini, mwambie mkeo atandike magazeti kwanza. Ruka. Kama umelazimika kuishika kwa mkono hata mara moja, kaza pete au sogeza kifungo. Ipime pia kwenye mizani kavu, kisha ipime ikiwa imelowa. Ikizidi kilo mbili na nusu, una nguo nyingi mno, ondoa marinda manne ya nyuma na uirudie.

Ukimaliza mbio, ioshe hapo hapo kwa mpira wa maji, ikiwa bado mwilini, ukifungua marinda kwa vidole moja moja. Usingoje ikauke, udongo wa mfinyanzi ukikauka ndani ya mkunjo unakaa. Ukifika nyumbani kagua mikunjo tena kabla ya kuitia mashineni, kokoto moja inatosha kuharibu ngoma ya mashine, na usiisuuze kwenye beseni la kuogea. Fundi bomba wa huku hutoza kwa saa. Maji baridi, mzunguko mpole, kisha ianike ikining'inia kwa kiuno, marinda umeyabana kwa vibanio vya nguo huku chini mpaka ikauke.

Ile ya sufu iandae upige pasi juu ya kitambaa kibichi. Jioni ya siku hiyo timu lazima itakwenda kula mahali, na wao watakuwa wamebadilisha wakavaa suruali.